Iacheni Ipumue

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shoga yangu, fundi cherehani, na huyo si mtu wa kutia chumvi.

Mama yake alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni, na umeme ukikatika mashine ilitegemea betri kubwa ya kubebeka. Aliyewauzia aliwaonya: "Kuichaji huku mnaitumia, ruksa. Ila inapata joto, kwa hiyo msiifunike. Iacheni ipumue."

Mama akacheka. "Basi tumekuwa wagonjwa wawili."

Feni ndogo iliyo ndani ya betri, ya kuipoza, ilikuwa na kelele. Mchana mmoja, umeme umekatika, shoga yangu akaitupia betri shuka, mama apate usingizi, akarudi kushona. Betri ikachemka, ikajizima. Mama hakuamka.

Baada ya mazishi alichomoa nyaya zote, akaifunika betri kwa shuka lile lile, akafunga chumba.

Juzi umeme ukakatika, nguo za wateja zimemjaa. Akajikaza kwenda kuichukua. Mlangoni akasikia feni: inavuma, inatulia, inavuma, kama pumzi za mtu aliyelala. Gizani akapapasa kitanda, akakuta shuka lile limekunjwa mara nne, kama mama alivyozoea.

Kioo cha betri kilikuwa kinawaka. Umeme unaoingia, sifuri. Unaotoka, wati mia tatu na kumi, zile zile za mashine ya oksijeni. Na hakuna waya hata mmoja uliochomekwa.

"Si ungeizima tu, shoga?" nikamwambia.

Akanitazama, macho yamemjaa machozi. "Nimzime mara ya pili?"