Pamba ya Mtumbwi wa Bujiku

Kila alipotoka shule, Melania alipitia uani kwa babu yake, Mzee Bujiku, kijijini kwao kando ya ziwa, safari ya nusu siku kutoka Geita. Uani hapo ililala mitumbwi sita mikuukuu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Mwaka ule wa 1952 wazee wenzake Bujiku walikimbilia dhahabu ya Geita, yeye akaokota mitumbwi mibovu! Majirani walimcheka, naye akacheka nao, kisha akaendelea kuitengeneza.

"Shikamoo, guku," Melania alimwamkia babu yake akichanganya Kiswahili na Kisukuma, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo tunaziba mishono ya mtumbwi huu. Chambua pamba, utoe mbegu zote, uichovye kwenye samli, ndipo uishindilie kwenye mishono. Mbegu zikibaki, maji yatapenya."

Kuchambua pamba! Kwao pamba ilijaa hadi chumbani, na hakuna kazi Melania aliyoichukia kama hiyo. Babu alipokwenda kusuka kamba, Melania alichambua konzi moja tu. Iliyobaki akaishindilia na mbegu zake, akapaka samli juu. Babu akausifu mshono. Melania akazipokea sifa hizo, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi mtumbwi ulishushwa majini. Mama Valerian, jirani yao, akapanda na kichanga mgongoni. Alikuwa anavuka ghuba kwenda kumwonyesha mama yake mjukuu. Melania alimpenda mno mtoto yule. Alipomwona amelala fofofo, akaukimbilia mtumbwi.

"Guku, msiondoke!" akalia. "Sikutoa mbegu!"

Watu waliokuwa ufukweni wakageuka kumtazama. Bujiku akaingiza kidole kwenye mshono. Pamba ikachomoka, mbegu tele, na maji yakaanza kuingia.

"Shuka kwanza, Mama Valerian," akasema taratibu.

Kutwa nzima babu na mjukuu walichambua pamba hadi vidole vikauma. Mama Valerian naye akaketi kuwasaidia. Kesho yake mtumbwi ukavuka na kurudi, ndani mkavu.

Jioni Bujiku akamkalisha Melania karibu naye.

"Mtumbwi ukiharibika naijua dawa yake," alisema. "Mtoto wa watu akizama, nitamtengeneza kwa mbao gani? Ulikosea ulipofanya uvivu, ukakosea tena uliponyamaza. Lakini ulisema mbele za watu, aibu ikakupata wewe, na mtoto akapona. Fanya hivyo siku zote, ila useme mapema zaidi."

"Ndiyo, guku. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Mtumbwi unaofuata utauziba peke yako. Sitakagua."