Maua Manne ya Bibi Stoyna

Kila alipotoka shule, Zornitsa alitupa mkoba kitandani, akamsaidia bibi yake kumenya pilipili hoho zilizotoka motoni, kisha akafungua kompyuta yake kuukuu na kuhesabu wasomaji wa blogu yake. Kuhesabu kwenyewe hakukuwa na kazi. Walikuwa tisa, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe.

Zornitsa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na Bibi Stoyna katika kijiji kimoja cha Bulgaria, karibu na mto Danubi, ambako nusu ya nyumba zilikuwa zimefungwa makufuli. Mama yake alikuwa Uhispania akichuma stroberi. Krismasi mbili zilikwisha kupita bila yeye kurudi, maana nauli ilimshinda. Ndiyo sababu Zornitsa alianzisha blogu. Alikuwa amesikia kwamba ukiandika vizuri, wenye biashara huweka matangazo yao kwako na kukulipa. Akaandika mapishi ya bibi yake: rojo la pilipili hoho, kabichi ya kuchachusha, mkate wa jibini. Alijitahidi miezi sita, na miezi sita yote ilimletea thamani ya mkate mmoja, nayo alikuwa bado hajalipwa. Bibi hakujua lolote kuhusu mpango wake wa kumnunulia mama tiketi.

"Nani ana haja na pilipili zako?" aliuliza Violeta, mwenzake wa darasani, ambaye hajawahi kuandika hata barua lakini alijua kila kitu. "Watu wanapenda kulia, wewe."

Mwezi wa Novemba ikafika Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu. Zornitsa na bibi yake walikwenda makaburini na sahani ya ngano iliyochemshwa, wakawasha mishumaa kwenye kaburi la babu. Jiwe la kaburi lilikuwa na sura mbili, ya babu na ya bibi. Babu alipofariki, Bibi Stoyna aliamua naye achongwe kabisa, kama wafanyavyo wengi kijijini, kwa kuwa fundi hupunguza bei akichonga wawili kwa mpigo. Kilichoachwa wazi ni mwaka wake wa kufa. Kila mara bibi aliipangusa vumbi sura yake pale jiweni na kusema, "Huyu bado msichana."

Zornitsa akapiga picha. Maua yalifunika pale palipoachwa wazi. Akaiweka kwenye blogu, akaandika chini yake kwamba mikono ya bibi ndiyo iliyomfundisha kila pishi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kesho yake alikuta wasomaji elfu tatu, na rambirambi tele kutoka kwa watu asiowajua.

"Usiwaambie kitu," Violeta alimshauri. "Umesema uongo gani? Wamejidanganya wenyewe."

Zornitsa akanyamaza. Siku ya tatu, muuza mitungi ya glasi mmoja akamwandikia. Angemlipa pesa za kutosha tiketi ya basi kutoka Uhispania, ikiwa angeandika kuhusu mapishi ya mwisho ya marehemu bibi yake na kuweka tangazo la mitungi kando. Zornitsa alikaa mbele ya kompyuta. Uani alimsikia bibi akipasua kuni na kumkaripia paka. Akaandika neno marehemu, akalifuta, akaliandika tena, kisha akatuma upesi kabla hajabadili mawazo.

Jumapili iliyofuata mtu aligonga lango. Alikuwa mwanamke mzee wa kitambaa cheusi kichwani, ameegemea fimbo, na mkononi ameshika maua meupe manne. Katika nchi ile aliye hai hupewa matatu au matano. Manne ni ya maiti. Zornitsa aliyaona kutoka dirishani, akayahesabu mara mbili.

Huyo alikuwa Bibi Gena, aliyefanya kazi na Bibi Stoyna miaka thelathini katika kiwanda cha kusindika mboga. Hawakuwa wameonana tangu miguu ya Gena ianze kuvimba. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea ile blogu. Hakupiga simu, kwani nani humpigia simu marehemu? Alipanda mabasi mawili ili awahi sala ya siku ya tisa ya msiba.

Bibi Stoyna akatoka na unga mikononi. Fimbo ya Bibi Gena ikaanguka, naye akaketi palepale kizingitini.

"Nimekulilia siku tisa, Stoyna," alisema kwa sauti ndogo.

Walimpa maji, akaeleza yote. Zornitsa alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi hakumfokea. Alimwambia alete kompyuta asome alichokiandika, kwa sauti. Alipofika kwenye neno marehemu, akaacha kusoma.

"Soma," Bibi Stoyna alisema. "Ulipoandika mkono haukukwama."

Akasoma, akilia. Kisha akaeleza habari ya tiketi, na kwamba alitaka mama aje Krismasi. Bibi alijipangusa unga mikononi, machozi yakimlengalenga.

"Mimi pia namtaka mwanangu," alisema. "Lakini mjukuu wangu, unizike mimi ili mama yako apate nauli ya kuja kuniona? Kazi yako ilikuwa safi. Ilikuwa inakwenda polepole tu."

Mbele ya wazee wale wawili Zornitsa akaandika kwamba bibi yake yu hai, kwamba kwanza alinyamaza na baadaye akasema uongo, na kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya pesa. Alipokwisha kutuma, Bibi Stoyna alichukua yale maua, akachomoa moja na kumpa Bibi Gena. Matatu yaliyobaki akayatia kwenye mtungi wenye maji.

"Haya sasa ni yangu," alisema.

Matusi yalimiminika wiki nzima. Muuza mitungi alijitoa bila kulipa chochote, na wale maelfu wakatoweka. Mama hakuja. Mkesha wa Krismasi waliweka sahani yake mezani, wakaizunguka simu.

"Nimesoma yote," mama alisema, na Zornitsa akainamisha kichwa. "Umeandika nini wiki hii?"

"Kabichi, mama."

"Wamesoma wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mmoja wao ni mimi," mama alisema. "Hao kumi na mmoja wanakuamini, mwanangu. Usiwauze tena, hata kwa tiketi yangu."

Bibi Stoyna akamega mkate, na kipande cha kwanza akakiweka kwenye sahani ya mama.