Jina la Mpole

Kabla ya kwenda mapumziko ya mchana, Fundi hufunga mataya yote. Ni mataya ya plasta. Yeye ni fundi wa meno ya bandia, na kwenye rafu ya karakana yake hukaa mataya ishirini na zaidi, la juu limelalia la chini, kila moja limeandikwa kwa penseli jina la mtu atakayelitafunia. Ni mtu wa mpangilio. Jumatatu moja alipovua hedifoni na kuirudia kazi yake, aliyakuta yote yameachama.

Alidhani mfagiaji amepita akayagusa. Akayafunga moja moja. Alipofika la mwisho akakumbuka kwamba mfagiaji huja Alhamisi.

"Upepo," akasema peke yake.

Dirisha lilikuwa limefungwa, na mlango alikuwa ameufunga kwa ufunguo mwenyewe, kwa sababu alichokifanya saa ile hakikuwa cha kuonwa na wateja.

Mtu huyu hastahili wino mwingi, lakini inabidi ajulikane. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mke, na binti mmoja wa miaka minane. Mbele ya wateja ulimi wake ulikuwa asali: "Pole, mama. Fungua kidogo tu, mama." Ikifika saa saba mchana hufunga mlango, akavaa hedifoni, akawasha kompyuta na kuingia katika mchezo wa mtandaoni wa kulinda ngome, watano upande huu na watano upande ule. Humo mtu haonekani ila askari mwenye kofia ya chuma, na jina la kujipachika linaelea juu ya kichwa chake. Fundi humo aliitwa Nyundo.

Wenzake wa kudumu walikuwa wawili, Pilipili na Radi. Kwa miaka sita walikuwa wamekutana karibu kila mchana, na hakuna aliyejua jina la kweli la mwenzake, wala mtaa wake, wala kazi yake. Walijuana kwa matusi, kama majirani wajuanavyo kwa kikohozi. Kuhusu Radi, Fundi alijua mambo mawili tu: kwamba ana sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, na kwamba huondoka kila mara kinapogongwa chuma mahali fulani nyuma yake, mara tatu, kimya, kisha mara moja.

"Naenda kulisha mbuzi wangu," Radi husema, na wote watatu hucheka.

Kazi yao haikuwa kulinda ngome. Walipopangwa pamoja na mchezaji dhaifu, walimwacha adui na kumgeukia huyo wa kwao. Walimtukana leo, wakamfuata kesho, mpaka afute jina lake na kuondoka moja kwa moja. Jina lililofutwa huwa halina mwenyewe, awahiye hulichukua. Basi kati yao ilikuwa desturi kwamba aliyetoa tusi la mwisho hulivaa jina la aliyeng'oka kwa muda wa wiki nzima, kama mwindaji anavyovaa ngozi. Waliita kitendo hicho kuvua. Wanaume watu wazima, wenye ndevu na watoto, walijisifu kwa hilo.

Mwezi ule walimpata mmoja aitwaye Mpole. Alicheza vibaya mno na hakusema neno. Alitembea tu ukutani mwa ngome kama mtu anayeota jua. Walimtukana siku nane na akarudi siku nane, kwa saa ile ile, hajajibu. Siku ya tisa, ndiyo hiyo Jumatatu, Fundi alivuta kiti akausogeza mdomo kwenye maiki.

"Kichwa chako ni cha kufugia nywele tu," alisema. "Akili zenyewe umeazima, na mwenyewe anazitaka. Jifute, mzigo wewe. Jifute, na hapana atakayeuliza umekwenda wapi."

Pilipili na Radi waliangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa kwa mara ya kwanza Mpole alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetua mzigo:

"Haya. Chukua."

Jina likafifia. Karakana ikanuka nywele zilizoungua, na Fundi akatazama kama ameacha nta kwenye moto. Hakuwa ameacha. Akacheka, akaandika jina lile mahali pa lake, na alipoinua kichwa ndipo alipoyaona mataya yameachama.

Jioni ya siku hiyo Fundi alikuwa bafuni. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa chumbani kwenye cherehani. Binti yao alikuwa mezani sebuleni anasoma kitabu cha shule kwa sauti, kidole chini ya kila neno, polepole, maana kusoma kulimwia vigumu. Kusema hakukumwia vigumu hata kidogo. Alisema akila, alisema akivaa viatu, alisema usingizini. Ndiyo sababu walimwita Shomoro.

Mkewe aligonga mlango wa bafu kwa kiganja.

"Baba Shomoro! Hivyo ndivyo unavyosema na mtoto?"

"Nimesema nini? Niko huku, kichwa kizima povu."

Mkewe alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, na mdomo wake uko kwenye ufa wa mlango.

"Basi aliyeko sebuleni ni nani?"

Fundi alifunga maji. Na maji yalipokatika akaisikia, kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti yake mwenyewe, ile ya saa saba mchana ambayo nyumba hii haijapata kuisikia, imetulia, inafurahia kazi yake, inamwambia mtoto kwamba kichwa chake ni cha kufugia nywele, kwamba akili ameazima na mwenyewe anazitaka, kwamba ng'ombe angesoma vizuri zaidi yake na angemaliza mapema, na akatoka mbio na povu machoni, taulo mkononi, akajigonga kwenye kizingiti, akafika sebuleni akamkuta Shomoro peke yake, kidole kingali chini ya neno lile lile, na hedifoni, ambayo Fundi aliapa aliiacha karakana, iko mezani mbele yake, inanuka.

Tangu jioni hiyo Shomoro alinyamaza. Aliulizwa, akatikisa kichwa. Mama yake akamzuia nyumbani asiende shule. Fundi aliichukua hedifoni akaitupa jalalani. Aliporudi aliikuta mezani. Alijaribu kulifuta lile jina. Kila alipofungua mchezo lilikuwa linamngoja juu ya kichwa chake. Na sauti ilikuja kila jioni, mara ndani ya kabati, mara chini ya kitanda cha mtoto, na haikupata kukosea tusi. Siku ya tatu asubuhi Shomoro alimvuta baba yake mkono wa shati, akamnong'oneza maneno ya kwanza tangu jioni ile.

"Baba, nikijifuta, nitakwenda wapi?"

Mkewe alisikia. Hakulia. Alijifunga khanga akaenda kumwita shangazi yake.

Shangazi huyo alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, na kwa miaka hiyo hiyo alitoa majini kwa watu waliomwomba. Alikuja mchana kweupe, na miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, akaketi bila kuvua viatu.

"Kuna adui amenitumia kitu, Shangazi," Fundi alianza. "Wivu wa kazi. Unajua watu walivyo."

"Sikukuuliza, baba. Nipe hicho cha masikioni."

Aliivaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu, mikono magotini. Kisha akaivua akaifuta kwa leso, kama mtu anayefuta kijiko cha mtu mwingine.

"Anasema lugha gani?" mkewe aliuliza kwa mnong'ono.

"Hana lugha. Kila neno ni la huyu mumeo. Huyo waliyemvua jina ni jini, alikuja kupumzika katika kimchezo chao, hana habari na mtu. Tusi hata moja hakuwa nalo. Amefundishwa hapa." Akamgeukia Fundi. "Nimetoa majini katika nyumba nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza namwonea huruma jini."

Fundi alitazama sakafu. "Atoke, Shangazi. Mtoto anateketea."

"Atatoka. Alikuvumilia siku ngapi?"

"Tisa."

"Basi nawe mvumilie siku tisa. Saa ile ile, kiti kile kile, jina lake ukiwa umelivaa. Atakurudishia yote uliyompa. Usijibu, wala usivue mpaka saa iishe. Siku ya tisa atalidai jina lake. Mwambie: chukua, ni lako, nisamehe. Tangu leo hatamsumbua mtoto, maana atakuwa na kazi kwako. Lakini lipo jambo moja. Akitokea mtu mwingine akakuvua jina hilo, jini hatoki. Anahama tu. Mtu huyo akitokea, mwambie aliache. Neno moja, basi. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya. Tutaona masikio hayo yana kazi gani."

Siku ya kwanza Fundi alidumu robo saa, kisha akaanza kulia, mikono imeshika meza. Robo saa! Mtu aliyewagawia wengine maneno hayo kwa pishi, miaka sita, hakuweza kumeza kijiko. Aliimaliza saa kwa sababu tu alimwogopa Shangazi zaidi ya jini. Alikuwa hajajua kwamba tusi lina uzito. Siku zote alikuwa amesimama upande wa mpini. Siku ya pili alitapika.

Siku ya tatu, nusu saa haijafika, wakaingia Pilipili na Radi.

"Mpole? Si tulimng'oa huyu?" akasema Pilipili.

"Ni Nyundo huyo, amevaa ngozi," Radi akajibu. "Nyundo! Mbona unatembea kama bibi harusi? Umemeza ulimi?"

Sauti ya jini ilimjaa masikioni, askari wake akagonga ukuta, akaanguka, akafa, ngome ikachukuliwa.

"Ah! Nyundo amezeeka," Pilipili akasema. "Hata meno hana."

"Huyu si Nyundo tena. Ni mzigo." Sauti ya Radi ikalainika, ikapata utamu, Fundi aliujua utamu huo, ulikuwa wake. "Miaka sita, na urafiki ni urafiki, lakini mzigo ni mzigo. Jina hilo nalitaka mimi. Jifute, mzee. Hapana atakayeuliza umekwenda wapi."

Neno lilikuwa moja: liache. Lilikuja mpaka kwenye meno. Fundi aliwaza siku sita zilizobaki, na kiti kile, na sauti ile. Akamwaza Radi, na hakupata cha kuwaza: Radi hakuwa na uso, wala mtaa, wala mtoto. Radi si mtu, alijiambia, ni jina tu. Akabonyeza, akajifuta, na safari hii jina likakubali kutoka.

Kabla ya kuvua hedifoni alimsikia Radi akicheka, kisha akinusa.

"Nani anachoma nywele huku?"

Nyuma yake chuma kikagongwa, mara tatu, kimya, kisha mara moja.

Mataya kwenye rafu yalikuwa yamefumba. Jioni hiyo Shomoro aliomba chumvi, kisha akaomba maji, kisha akasimulia ndoto tatu mfululizo, na mama yake akageukia ukuta akajifuta macho.

"Ametoka," Fundi alimwambia Shangazi alipopita.

"Siku tisa hazijatimia."

"Amechoka mapema."

Mama yule alimtazama sana, akatwaa mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu mkewe alikuwa na sare za kumaliza, kwa hiyo Fundi ndiye aliyemrudisha Shomoro shule, baada ya wateja wa asubuhi, saa nane kasoro, mwisho wa mapumziko ya mchana. Hakuwa amefika pale tangu mtoto aandikishwe. Vikao vya wazazi huwa saa saba, na saa saba alikuwa na shughuli. Shomoro alisema njia nzima: kwamba mwalimu wa darasa lao ni mkali lakini ana vichekesho, kwamba saa ya chakula hujifungia ofisini, na kwamba huwaita wanafunzi mbuzi zake.

Fundi alisikia neno mbuzi, na miguu yake ikasita kabla ya akili.

Barazani palining'inia kipande cha chuma cha gurudumu. Mwanamume mmoja nadhifu, hedifoni shingoni, alikigonga: mara tatu, kimya, kisha mara moja. Watoto arobaini wakapita mbele yake kuingia darasani, na hakuna aliyepiga kelele.

"Karibu, mzazi," alisema. "Tulimkosa msomaji wetu." Ilikuwa ile sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, ila imechoka, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala tangu wiki iliyopita. Alimnyooshea Shomoro mkono. Shati lake lilinuka nywele zilizoungua.

Shomoro aliushika mkono ule, akaingia, na mlango ukafungwa.

Fundi alikimbilia dirishani. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya darasa, orodha ya majina mkononi, midomo imefumbwa, jasho linamtiririka, anatikisa kichwa kama mtu anayesihi. Na juu ya vichwa arobaini vilivyoinama, pasipo mdomo wa mtu kufunguka, ilianza kusikika sauti iliyotulia, inayofurahia kazi yake, sauti ya Fundi mwenyewe, na jina la kwanza iliyoliita lilikuwa la binti yake.

Fundi aliachama kama taya la plasta. Neno lilikuwa lile lile moja, na sasa alilitaka kwa moyo wote. Lakini sauti ya kulisemea ilikuwa humo ndani, inaita majina.