Benchi Lililosema Kabla ya Kuanguka

Kila asubuhi, katika kambi ya Kakuma, Chol na mkewe Yar walifungua kazi zao mbili chini ya paa moja. Yar alipika anjera, mkate laini kama chapati, upande wa barabara. Majirani Wasomali walikuwa wamemfundisha. Anjera yake ilijaa matundu madogo, na wateja waliisifu kwa matundu hayo. Chol alichomelea vyuma uani, upande wa nyuma. Naye alisifiwa, mpaka Jumapili ile ya benchi.

Habari za Jumapili hiyo husimuliwa kwa heshima, maana kuna aliyetutoka. Chol alikuwa ametengeneza benchi refu la chuma kwa ajili ya kanisa lao. Alilipaka rangi ya buluu. Wazee wa kanisa wakaketi juu yake wakiwa na suti zao. Katikati ya sala ya kuombea amani, benchi likasema, "Kwaa." Kisha likaiaga dunia. Wazee wote walishuka chini pamoja, kwa nidhamu kubwa, kama wanafunzi walioamriwa kupiga magoti.

Hakuna aliyeumia. Na aliyebaki ameketi alikuwa mmoja tu, Mzee Lokwang, mwenyekiti wa kamati ya maji, kutoka kijiji cha ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Mzee Lokwang hakuwa amekalia benchi. Alikuwa amekalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho mkononi.

Jumatatu mzee huyo alifika uani kwa Chol.

"Ejok," akasalimu.

"Ejok-noi, mzee."

Mzee Lokwang aliweka kigoda chake chini, akakaa, akautazama mguu wa benchi uliovunjika. Aliugeuza upande mmoja, kisha upande wa pili. Chol alitamani atukanwe tu, yaishe.

"Fundi," mzee akasema mwishowe, "benchi yako iliongea kabla ianguke. Mnara itaongea nini?"

Chol alijua ni mnara gani. Kamati ilikuwa imempa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mnara wa chuma wa kubebea tangi la maji. Miguu yake minne ilikwisha kusimamishwa ndani ya saruji. Zilibaki nondo na pao za kuifunga pamoja. Watoto wa kambini na wa kijijini wangechota maji chini ya tangi hilo. Mzee alisema kwamba kabla ya wiki kwisha, Chol aonyeshe chuma kilichoshikana kweli. La sivyo, kamati ingemwita fundi kutoka Lodwar. Akabeba kigoda chake, akaenda.

Chol hakuelewa kwa nini benchi lilivunjika. Mashine yake ilikuwa mpya. Aliinunua Lodwar, na ilikuwa ya waya. Mashine hiyo haitumii vijiti. Waya hutoka wenyewe kwenye bunduki yake, na gesi ya mtungini hutoka pamoja nao. Muuzaji alimwonyesha namna ya kuiwasha. Alipotaka kuendelea, Chol alimwambia asijisumbue. Si alikuwa amechomelea kwa vijiti miaka mingi, hapo hapo uani, penye upepo mzuri?

"Baba Apajok," Yar akamwambia mumewe, "yule mama anayekula anjera yangu kila asubuhi anasema alichomelea mabehewa ya treni Lubumbashi. Muulize."

"Huyo anajisifu mno."

"Ajisifu. Mabehewa yake hayajaanguka kanisani."

Mama Sylviane, Mkongomani aliyefundisha ufundi kambini, alikuja mwenyewe kununua anjera. Kweli alijisifu, tena alianza kabla ya kuketi. Lakini alipoonyeshwa mguu wa benchi aliacha kujisifu. Akaushika kwa mkono mmoja, akashika anjera kwa mkono wa pili, akavilinganisha.

"Mama Apajok," akauliza, "kati ya hivi viwili, ni kipi umepika wewe?"

Yar alicheka mpaka anjera iliyokuwa motoni ikaungua. Chol hakucheka. Alisogea, akatazama. Mshono wake, pale vyuma vilipounganishwa, ulikuwa na matundu mengi.

Mama Sylviane akamwomba achomelee kipande kidogo, vile alivyozoea. Chol akatoa mashine uani. Upepo ukapeperusha shati lake.

"Simama hapo, Papa Chol," akasema mama. "Gesi yako iko wapi?"

"Mtungini."

"Hapana. Imekwisha kufika Lokichoggio."

Akamweleza. Chuma kikiyeyuka, hewa hukiharibu. Kijiti cha zamani kina dawa yake inayoungua na kukifunika chuma, kwa hiyo upepo wa kiasi hakiuogopi. Mashine hii hutegemea gesi iifunike weldi kama blanketi. Upepo ukilichukua blanketi, hewa huingia, na matundu hubaki. Uko waya mwingine wenye dawa ndani yake, unaofaa zaidi penye upepo, lakini mashine na bunduki hupangwa upya kwa ajili yake.

Walisimamisha mabati upande wa upepo, wakaacha juu wazi ili moshi utoke. Mama akaamuru rangi na kutu vikwanguliwe mpaka chuma kingʼae. Akaamuru ngao ya uso, glavu za ngozi, na shati lililofungwa mpaka shingoni. Chol alitii kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti.

Sasa mshono ukatoka bila tundu. Chol akatabasamu mapema mno.

"Vizuri," akasema mama. "Umechomelea mezani. Mnara wako utaulaza mezani?"

Hapo ndipo siri ya Chol ilipojulikana. Kila alipochomelea kitu, alikigeuza mpaka mshono ukae chini yake. Benchi hugeuka. Mnara uliozikwa kwenye saruji haugeuki, hata ukiubembeleza.

Wakaanza upya. Chuma kimoja kikisimama juu ya kingine, mama alisema, elekeza bunduki katikati ya pembe. "Kama unapatanisha ndugu wawili. Usipendelee." Chuma kikilalia kingine, moto uelekee zaidi kile cha chini, kwa sababu ukingo wa kile cha juu huyeyuka upesi. Vyuma vinene vikikutana ncha kwa ncha, saga kingo zilale mshazari, uache mwanya mwembamba, ili weldi ifike ndani. Waya usitokeze mbali. Urefu wa ukucha wa kidole gumba unatosha. Na sikiliza. Weldi nzuri hulia sawasawa, kama samaki wa Kalokol ndani ya mafuta.

Kisha ukaja mshono wa kusimama. Chol alianzia juu, chuma kikateremka kama uji.

"Bati jembamba, shuka nalo," akasema mama. "Chuma kinene, panda. Punguza moto, anza chini. Kila hatua iwe rafu ya kubeba hatua inayofuata. Pembeni tua kidogo, katikati pita haraka."

Mshono wa juu ya kichwa ulikuwa mgumu zaidi. Mama alimfundisha kupunguza moto, kushika bunduki karibu, kwenda haraka, na kutosimama chini kabisa ya cheche. Cheche moja ilimpata sikioni. Hakuhitaji kuambiwa tena.

Walijaribu kila kipande kwa nyundo. Walikibana kwenye jiliwa, wakakipiga. Vipande vya kwanza vilivunjika mshononi. Chol akarudia, siku baada ya siku. Mwishowe akapiga, akapiga tena, na chuma kikapinda kama kiwiko. Mshono haukuachia. Alikibeba kipande hicho mpaka kwa Mzee Lokwang. Mzee alikipiga kwa jiwe, akakinusa, akasema kazi iendelee.

Kule kwenye mnara hapakuwa na mabati. Yar akaita kwaya ya kanisa. Akina mama walifunga maturubai upande wa upepo wakayashikilia, wamegeuza nyuso zao kando ili mwanga usiwaumize macho, wakiimba. Chol alishika kwanza pao zote kwa weldi fupi fupi, akapima kama mnara umenyooka. Kisha akachomelea upande huu na upande wa pili kwa zamu, ili joto lisiupindishe. Alipanda, akalala chali, akainua bunduki. Yar alikuwa akisikiliza chini ya turubai. Aliwaambia wenzake kwamba samaki ameiva.

Siku ya kujaza tangi, kambi na kijiji vilikuja. Maji yakapanda mpaka yakafurika juu. Upepo wa Turkana ukavuma kwa nguvu zake zote, kana kwamba umekuja kudai gesi yake. Mnara ulisimama. Bomba likafunguliwa, na Apajok, mtoto wa Chol na Yar, akajaza mtungi wa kwanza. Vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya laga.

Kando ya mnara palikuwa na benchi refu la buluu, limechomelewa upya. Hakuna mzee wa kanisa aliyelikaribia. Mzee Lokwang alilizunguka polepole. Akainama, akachungulia mishono yake chini. Kisha akampa Chol ekicholong yake amshikie, akajiachilia juu ya benchi kwa uzito wake wote.

Watu wakanyamaza, wakasikiliza.

Benchi halikusema neno.