Bandeji ya Mwanajeshi wa Malkia

"Simamisha!" nilipiga kelele.

Mume wangu akabonyeza rimoti. Malkia akaganda kwenye skrini, mdomo wazi.

"Umeona nini, Fundi?"

"Zipu. Hapo mgongoni, chini ya nywele. Enzi zile zipu waliitoa wapi?"

"Ala! Umeniwahi. Haya, vyombo vya leo naosha mimi."

Ndivyo tulivyopendana. Yeye mwalimu wa historia, mimi fundi wa kushona mavazi ya maigizo. Tulikutana ukumbi wa sinema, watu wawili pekee tuliocheka katikati ya vita, kwa sababu nyuma ya mfalme kulikuwa na nguzo ya umeme. Tangu tuoane nyumba yetu ilikuwa na sheria moja: filamu mpya ya historia haitazamwi na mmoja wetu peke yake, seuze na mtu mwingine. Yeye anawinda makosa ya silaha na tarehe, mimi vitambaa na mishono.

Hii tuliingoja sana. Malkia anasalitiwa na mwanajeshi wake kipenzi, kisa ambacho Mwalimu hukifundisha kila mwaka. Ilipoonyeshwa kwenye sinema, mimi nilikuwa mbali, namuuguza mama.

"Nitakusubiri," aliniambia kwenye simu. "Siendi bila wewe."

Nikamwamini, mjinga mimi.

Akairuhusu filamu iendelee, akachota bisi.

"Sasa tulia ucheke. Mwanajeshi anafungwa bandeji ya bega, fundo wameliweka juu ya kidonda! Muuguzi gani anafunga vile?"

Nikatazama skrini. Mwanajeshi alikuwa juu ya farasi, mzima kabisa, hajaguswa hata na unyasi. Tukangoja. Mshale ukaja. Bandeji ikaja. Fundo likakaa pale pale aliposema.

"Mwalimu."

"Naam."

"Umejuaje?"

"Si... kwenye tangazo walionyesha."

"Na mambo ya bandeji umeanza kuyajua lini? Wewe uliyejikata kidole ukakifunga kwa gundi ya karatasi?"

Akacheka peke yake. Kicheko kikafia njiani.

Nilitegemea moyo upasuke. Haukupasuka. Nilikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nikaona bisi kiganjani mwangu, nikala.

Muuguzi tuliyemzoea alikuwa mmoja tu: shoga yangu, aliyesimama ubavuni kwangu siku ya harusi. Nikachukua simu, nikamwandikia:

"Shoga, nimeiona ile bandeji. Kweli fundo liko juu ya kidonda."

Jibu likaja upesi:

"Kumbe amekwambia? Aliniahidi atakwambia mwenyewe, taratibu. Nisamehe, shoga yangu."

Nikampa Mwalimu simu asome. Akasoma, akarudia tena, kama vile maneno yangebadilika.

"Ilikuwa sinema tu," akasema.

"Sinema tu?"

"Mwanzoni."

"Mimi namshika mama mkono kitandani, ninyi huku mnashikana mikono yenu."

Nilisema bila kupaza sauti. Nadhani hilo ndilo lililomtisha.

"Nitukane basi! Nipige! Sema kitu, mke wangu."

"Sina."

Nilisikia friji ikiunguruma jikoni, nikawaza kwamba mlango wake haujafungwa vizuri.

Akapiga magoti mbele yangu.

"Tuimalizie filamu. Mwishoni malkia anamsamehe. Na sisi tuanze upya, nakuomba."

"Wewe ndiye unayefundisha. Kwenye historia malkia alimfanya nini?"

Akageukia skrini.

"Jibu, Mwalimu."

"Alimfukuza."

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Basi filamu imekosea."

Akainuka, akakusanya nguo zake kwenye begi, shati moja mikono ikining'inia nje. Mlangoni akageuka.

"Fundi..."

"Funga mlango, mbu wanaingia."

Akafunga.

Simu ikaita. Shoga. Nikaiacha iite mpaka ikachoka. Nikairudisha filamu, nikaketi pale pale nilipokuwa. Malkia alimfuata mwanajeshi mpaka langoni, akamkumbatia huku analia. Na kwenye mkono wake wa kulia, chini ya ule mkunjo wa hariri, ilikuwepo saa ya mkononi. Saa kabisa, ya kisasa, inang'aa!

"Simamisha!" nikapiga kelele, na rimoti nimeishika mwenyewe.

Nikageuka kumwonyesha.

Kiti chake kilikuwa na bakuli la bisi na ule mto mdogo aliozoea kuukalia. Hapo ganzi ikaachia yote kwa pamoja. Nililia nikaloweka kanga, nikamlilia yeye, nikamlilia na shoga yangu, na ile nguzo ya umeme.

Nilipomaliza nikanawa uso, nikaenda jikoni kuosha vyombo, ingawa zamu ilikuwa yake.