Maneno Kumi na Mawili Ukutani

Foleni ya benki ilikuwa haisogei. Bi Shela, mshonaji wa magauni ya harusi, alisimama na blauzi yake ya zambarau, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nyuma yake alikuwa fundi simu mmoja, mikono ya shati ameikunja.

"Dada, umekuja benki au umekuja kunipima?"

"Nikupime wewe? Kitambaa hakitatosha maringo yako."

Walicheka, na kabla ya kufika dirishani fundi alikwisha kumweleza habari za sarafu za mtandaoni. Mteja wa ng'ambo analipa, pesa inafika baada ya dakika chache bila benki kukaa katikati. Kila malipo yanaandikwa kwenye daftari ambalo dunia nzima inalisoma na hakuna awezaye kulifuta. Akamfungulia kwenye simu pochi ya kuwekea sarafu hizo, nayo ikatoa maneno kumi na mawili ya kuifungulia.

"Yaandike, uyafiche. Hata mimi usinionyeshe. Atakayeyajua, pesa ni yake, na hakuna meneja wa kumlilia."

Miezi mitano baadaye penzi lao lilikuwa limekolea. Dada mkubwa wa Bi Shela, aliyemsaidia dukani, ndiye aliyekuwa na shaka. "Aliyekufungia kitasa," alisema, "hakosi ufunguo wa akiba."

Jumamosi moja mchana, Bi Shela alimaliza kumpima bibi harusi na kuwasha simu, maana akiwa na mteja huizima. Pochi ilikuwa tupu. Malipo ya magauni tisa, ambayo hata vitambaa vyake havijanunuliwa, yalikuwa yamekwenda. Kabla hajapiga simu popote, fundi aliingia akihema.

"Nani ametoa pesa zangu?"

"Ni mimi."

"Mwizi," alisema Bi Shela, mbele ya dada na mbele ya mteja. "Nami nikakupenda, mjinga mimi."

Fundi alimwonyesha simu yake. Ilikuwa picha ya bibi harusi mwingine, ambayo Bi Shela mwenyewe aliiweka kwenye ukurasa wa duka asubuhi kwa fahari. Nyuma ya bibi harusi huyo ulionekana ukuta ambao mshonaji hubandika kila asichotaka kipotee. Na hapo, chini ya vipimo vya kiuno na nyonga, yalisomeka maneno yote kumi na mawili.

"Nimekupigia mara nane, umezima. Ningengoja, angewahi mwingine. Nimeziingiza kwenye pochi yangu. Fungua mpya, mimi nageuka nisione."

Akageukia mlango. Bi Shela alifungua pochi mpya, akaandika maneno yake, fundi akazirudisha, na baada ya muda sarafu zikaingia zote.

"Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Basi kwaheri. Mwizi hakai dukani kwa watu."

Bi Shela aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Samahani ya kunong'ona isingetosha kwa neno lililosemwa hadharani. Akamshika mkono, akamrudisha katikati ya duka.

"Dada, bibi harusi, mmenisikia nikimwita mwizi. Nimekosa. Sasa nisikieni tena: nataka huyu awe mume wangu, kama bado ananitaka."

Fundi aliwatazama dada na mteja, kisha akamgeukia yeye.

"Rudia," akasema. "Kwa sauti ileile uliyoniitia mwizi."

Alirudia, na wapita njia wakasimama mlangoni. Fundi akavuta kiti, akakaa.