Injini Iliniambia Mume Wangu Haendi Malton

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni ufundi magari. Ndiyo, mwanamke, na ovaroli, na grisi kwenye kucha! Niko gereji moja ya Downsview hapa Toronto. Mkiona nina mdomo mkali mnisamehe... nimeumizwa.

Wakati huo tulikaa ghorofani Flemingdon Park, mimi, mume wangu Rajabu na binti yetu Salma. Rajabu alipakia mizigo ya ndege kule Malton, kwenye uwanja wa ndege nje ya jiji. Mimi nilipanda basi, yeye akachukua gari, maana ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Baridi inakata masikio, mume anaamka gizani, kwa nini nimnyime?

Ila jambo moja lilinishangaza. Fundi yumo ndani ya nyumba, lakini gari letu hataki niliguse! "Mama Salma, unashinda na magari ya watu kutwa," alikuwa akiniambia. "Hili la kwetu niachie mimi." Nami nikawaringia mashoga zangu, jamani, mume ananihurumia!

Sasa, jengo la tatu kutoka letu alikaa binti mmoja aitwaye Zuhura, tuliyefahamiana naye msikitini. Alipojifungua, watu walisema mumewe yuko Dar anasubiri viza. Nani angemwacha mzazi peke yake ugenini? Nilimpikia uji wa pilipili manga, nikambebea kwenye chupa ya chai huku nakanyaga theluji, nikamkanda kwa maji ya moto kama mdogo wangu wa tumbo moja. Alilia, akanibusu mikono yote miwili. Nilidhani ni shukrani tu.

Baridi ilipokaza, gari likagoma kuwaka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Rajabu yuko bafuni. Nikasema leo nitamfurahisha, nikashuka na vifaa vyangu.

Betri ilikuwa hoi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili... oili imepanda juu ya alama! Nikainusa, inanuka petroli. Nikafungua kifuniko cha oili, na chini yake kumeganda utando mzito, mweupe, kama uji.

Nikafuta kijiti, nikapima tena. Vile vile!

Ugonjwa ule nauona kila msimu wa baridi, hasa kwenye hizi injini za kisasa zenye turbo. Injini ikiwa baridi hutiwa petroli nyingi. Gari likizimwa kabla halijapata moto sawasawa, petroli inachuruzikia kwenye oili, unyevu nao unabaki humo humo na kuganda utando. Betri haipati muda wa kujaa. Ni ugonjwa wa gari la safari fupi, la dukani na nyumbani basi. Gari linalokwenda Malton na kurudi kila siku, tena kwa barabara kuu, hupata moto likakausha yote hayo. Sasa hili letu lilikuwa likienda wapi?

Nilimuuliza Rajabu. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni baridi tu, eti nimezidi ufundi. Nikamfungia betri nyingine. Hivi oili nayo inaweza kumsingizia mtu?

Jumatatu sikwenda kazini. Alipoondoka nilimfuata kwa miguu. Kwa miguu, jamani! Nilijua haendi mbali. Nililikuta gari nyuma ya jengo la Zuhura, na theluji ya juu ya boneti haijaanza hata kuyeyuka.

Nilipobisha, Zuhura alifungua na mtoto begani. Pembeni ya mlango, viatu vya kazi vya mume wangu. Na yule binti hakushtuka! Hilo ndilo lililonimaliza.

"Karibu, dada. Mbona unatetemeka?" akaniuliza. "Rajabu aliniambia umeridhia ndoa yetu, ila hutaki izungumzwe. Nilikuwa naogopa ukewenza mimi... ulipokuja na ule uji nikajua kweli umenipokea."

Rajabu alitoka chumbani amevaa kikoi nilichomletea mwenyewe kutoka Tanga. Nilimbana mpaka akasema yote. Kumbe Malton aliacha zamani, akapata kazi kwenye ghala la jirani, na saa zote alizodai yuko barabarani alikuwa pale. Nikatamani sakafu inimeze!

Gari lilikufa injini kabla theluji haijaisha. Ndoa ilitangulia. Salma akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama yule mtoto ni ndugu yake. Nikamjibu ndiyo. Mtoto ana kosa gani?

Ndugu zangu mnaoishi kwenye baridi, msiue magari kwa safari za kununua mkate. Duka la karibu nendeni kwa miguu. Mara moja moja litoeni barabara kuu lipate moto hasa, na oili mbadilishe mapema. Ukiona inaongezeka badala ya kupungua, usishangilie!

Na ninyi wanawake wenzangu, nawasihi kwa machozi. Mume akikukataza kugusa kitu ambacho ndicho kazi yako, kiguse siku hiyo hiyo. Mimi nilisubiri mpaka gari likagoma.

Majuzi dada mmoja wa msikitini amejifungua. Wakanipigia simu, tupikie uji wa manga, mama Salma, wako hauna mfano. Nilisaga pilipili, nikainjika sufuria, nikaanza kukoroga... nikazima jiko. Niliwaambia naumwa.